Karatasi na Amana

Yapo makosa makubwa ambayo kila mtu huyaona, na yapo makosa madogo ambayo udogo wake ndio kinga yake. Mwizi wa ng'ombe hupigiwa yowe na kijiji kizima; mpotezaji wa karatasi hapigiwi yowe na mtu. Huivuta karatasi kutoka mashineni, huitazama, huona herufi moja imekosewa, huikunja mkononi na kuitupa kapuni, kisha huchapa nyingine. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeumia, wala kapu halisemi. Lakini wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na methali hiyo ikitajwa juu ya karatasi si mfano tena, bali ni habari yenyewe. Maana karatasi ni gogo lililobanduliwa.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: karani atupaye karatasi ya ofisi bila sababu amemkosea nani? Kama hapana aliyekosewa, basi uwekevu wa karatasi ni unadhifu tu, mfano wa kuchana nywele, na asiyeufuata halaumiwi zaidi ya mtu wa nywele timutimu. Kama yuko aliyekosewa, basi uwekevu huo ni sehemu ya haki, na haki haichagui jambo kwa ukubwa wake.

Hapana nchi inayofaa kuulizia swali hili kuliko Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kwa kuwa huko karatasi huonekana katika hali zake zote: mche, mti, gogo, jalada na taka. Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, na punde huuingia msitu wa Sao Hill. Huo si msitu wa kujiotea. Ni shamba lililopandwa kwa mikono, na kwa ukubwa hapana shamba la miti la Serikali lililolizidi katika Tanzania. Sehemu iliyopandwa imepita hekta 40,000. Majaribio yake yalianza mwishoni mwa miaka ya 1930. Upandaji mkubwa ulifanyika katika miaka ya 1970 na ya 1980, kwa nia ya kulisha kiwanda cha karatasi. Miti iliyo mingi ni misindano ya asili ya Meksiko, na mingine ni mikaratusi ya asili ya Australia. Imesimama kwa safu kama askari wa gwaride, na kila safu ina umri wake ulioandikwa katika daftari la bwana miti.

Kiwanda chenyewe kilijengwa Mgololo, katika wilaya ya Mufindi, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya nchi mbalimbali, kikaanza kazi mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills. Uwezo wake ulipangwa kuwa tani 60,000 kwa mwaka. Matumaini yalikuwa makubwa kuliko nguvu. Kiwanda hakikulifikia lengo lake, na katika miaka ya 1990 mitambo ikanyamaza. Baadaye kilibinafsishwa, kikapata uhai mpya na jina la Mufindi Paper Mills. Kazi yake kubwa sasa ni karatasi nzito ya kahawia, ya mifuko na makasha. Karatasi nyeupe ya ofisi huja kwa wingi kutoka ng'ambo. Hivyo yamkini karani wa Iringa, ambaye dirisha lake latazama milima yenye misindano, huandika juu ya mti uliokatwa bara jingine, ukapikwa huko, ukavushwa bahari, ukapandishwa milima ya Kitonga juu ya lori, mpaka ukafika mezani pake. Mfinyanzi hulia gaeni, na mwenye msitu huagiza karatasi.

Safari ya mti kuwa karatasi yafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake limo jibu la kwanza la swali lililoulizwa. Mche hukuzwa kitaluni, hupandwa wakati wa mvua, hupaliliwa, hupogolewa matawi na hulindwa na moto wa kiangazi. Msindano unaongojewa mpaka ukomae kwa mbao huweza kusimama miaka 25. Unaokatwa mapema kwa ajili ya rojo, nao huchukua miaka mingi ya kungojewa. Kisha gogo humenywa maganda, hukatwa vipande vidogo, na hupikwa kwa dawa kali ndani ya mtungi mkubwa wa chuma. Katika upishi huo takribani nusu tu ya uzito wa mti mkavu hubaki kuwa nyuzi za karatasi; nusu ya pili huyeyuka katika maji meusi, ambayo huchomwa ili yatoe mvuke na nguvu za mitambo. Maji mengi hutumika, moto mwingi huwaka, na watu wengi hukesha. Mwisho wa yote hupatikana karatasi moja nyeupe, na mwisho wa karatasi hiyo huweza kuwa dakika moja.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Mti haukukosewa kwa kukatwa, ulipandwa ukatwe. Aliyekosewa ni mtu aliyeupanda. Mpandaji wa mche wa Mufindi alijua kwamba pengine hataiona faida yake kwa macho yake. Aliiweka nguvu yake ardhini kama mtu awekaye fedha kwa mwenziwe, akaenda zake. Kila karatasi ifikayo mezani ni sehemu ya amana hiyo, na kila aishikaye ni mshika amana, ajue asijue. Kuitumia karatasi kwa kazi iliyokusudiwa ni kuirudisha amana kwa mwenyewe. Kuitupa tupu ni kumwambia mpandaji kwamba miaka yake si kitu.

Mtu mwenye haraka atajibu kwamba karatasi moja ni kidogo mno kubebeshwa maneno makubwa kama haya. Basi na ipimwe. Karatasi ya ofisi ya kipimo cha A4 ni sehemu 1 ya 16 ya mita moja ya mraba. Kwa unene wa kawaida wa gramu 80 kwa mita ya mraba, uzito wake ni gramu 5. Rimu moja ina karatasi 500, nayo huwa na kilo 2 na nusu. Ofisi yenye watumishi 20, ambamo kila mmoja hupoteza karatasi 5 kwa siku, hupoteza 100 kwa siku, yaani rimu nzima kwa juma la siku 5. Kwa majuma 50 ya kazi ni rimu 50, uzito wa kilo 125. Hapana hata mmoja wa watumishi hao aliyefanya kosa lionekanalo, lakini wote pamoja wametupa mzigo unaowashinda watu wawili kuubeba. Zidisha hesabu hiyo kwa ofisi za wilaya, mahakama, shule, hospitali, mabenki na vyuo kutoka Iringa mpaka Mbeya, na gogo lote litakuwa limekwisha kwa bandu.

Wa pili aliyekosewa ni mlipa kodi. Karatasi ya ofisi ya umma haikushuka kutoka mbinguni; ilinunuliwa kwa ushuru wa muuza viazi wa Soko la Mwanjelwa na wa mwenye duka la Makambako. Watu wengi huheshimu mali ya jirani na kuidharau mali ya wote, kwa kudhani kwamba mali ya wote haina mwenyewe. Fikira hiyo imepinduka. Mali ya jirani ina mwenyewe mmoja, ambaye aweza kusamehe. Mali ya umma ina wenyewe mamilioni, wala hapana awezaye kusamehe kwa niaba yao. Kwa sababu hii, kosa dogo juu ya mali ya umma ni gumu kusameheka kuliko kosa kubwa juu ya mali ya mtu mmoja.

Hata hivyo, ipo hoja ya upande wa pili, na haki yadai isikilizwe. Husemwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi si adui wa mnyonge. Mara nyingi ndiyo ngao yake. Mjane aliye na hati ya shamba la marehemu mumewe ana kinywa mbele ya shemeji zake. Asiye na hati ana machozi tu. Mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye stakabadhi ya mizani aweza kudai malipo yake. Aliyepima kwa neno la mdomo hungoja huruma. Kwa hiyo asemaye karatasi zipunguzwe lazima aulizwe ni karatasi zipi, na za nani. Uwekevu unaomnyima mjane hati yake si uwekevu, ni dhuluma iliyovaa kanzu safi.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alifundisha kwamba wema wa mtu katika mali umesimama katikati ya maovu mawili: kwa upande mmoja ubadhirifu, na kwa upande wa pili ubahili. Kipimo hicho chafaa ofisini kama kilivyofaa Athens. Mbadhirifu huchapa barua isiyosomwa. Bahili hukataa kuchapa hati inayohitajiwa. Wote wawili wameisahau kazi ya karatasi, ambayo ni kuhifadhi ukweli kati ya mtu na mtu. Mwekevu huuliza swali moja kabla ya kutia kidole mashineni: ni nani atakayeisoma? Kama jina lapatikana, na achape bila hofu. Kama jina halipatikani, mashine na ipumzike.

Yafaa sasa kuuliza kwa nini ubadhirifu huu umeenea, maana ugonjwa hautibiwi kwa kulaani homa. Sababu ya kwanza ni kwamba taabu imeondoka. Katika siku za taipu, nakala ilikuwa na jasho. Mpiga chapa alitia karatasi za kaboni kati ya karatasi nyembamba, na nakala ya nne au ya tano ilitoka imefifia kama sauti ya mtu aliye mbali. Kosa moja lilimrudisha mwanzo, au lilimlazimisha kufuta nakala zote moja moja. Kwa hiyo mkuu wa ofisi alifikiri kabla ya kutoa amri, na karani alisoma kabla ya kupiga. Mashine za sasa hutoa karatasi makumi kwa dakika moja bila kuguna. Zamani taabu ilikuwa mlinzi mlangoni. Mlinzi huyo amefukuzwa, na mahali pake hapakuwekwa mtu. Aliyebaki ni dhamiri peke yake, na dhamiri haikupata kufundishwa kazi hiyo.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya majina. Mkoa wa Njombe ulipotengwa na Iringa mwaka 2012, na mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, watu walipata serikali iliyo karibu nao, na hilo ni jema. Lakini kila jina jipya hudai kichwa kipya cha barua, mhuri mpya na fomu mpya. Ofisi iliyochapa fomu za miaka mitano kwa mara moja hujikuta na kabati la jina lililokufa. Mwenye busara huchapa kwa haja ya robo mwaka, na upande mweupe wa fomu iliyopitwa na wakati huufanya karatasi ya kuandikia hesabu na maneno ya mkutano.

Sababu ya tatu ndiyo mzizi wa nyingine zote, nayo ni kukosa kuaminiana. Afisa hudai nakala tatu kwa kuwa hana hakika kwamba masjala itaitunza moja. Mkuu wa idara hupeleka nakala ya barua kwa watu saba, si kwa sababu wote saba wanaihitaji, bali ili siku ya lawama aseme kwamba aliwaarifu. Sehemu kubwa ya karatasi zilizojaa makabatini si kumbukumbu za kazi; ni ngao za watu waliokuwa na hofu. Nakala iliyofanywa kwa hofu haiwezi kupunguzwa kwa waraka wa kuamuru upunguzaji. Na waraka wenyewe, kama ilivyo desturi, utachapwa na kutundikwa katika kila mlango.

Chukua mfano wa ofisi mbili zisizo na jina. Katika ya kwanza mkuu aliona gharama ya karatasi imepanda, akaamuru kwamba hapana mwananchi atakayetolewa nakala kwa mashine ya ofisi. Mwisho wa mwaka hesabu zilipendeza, na mkuu akasifiwa. Siku moja akafika bibi mmoja aliyetoka upande wa Tukuyu kwa basi la alfajiri.

Karani kijana akamwambia, "Shikamoo, bibi. Lete nakala tatu za kitambulisho, na tatu za barua ya mtendaji wa kijiji."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilizileta mwaka jana hapa hapa. Zimekwenda wapi?"

"Zipo, bibi, ila kulitafuta jalada ni kazi. Afadhali ulete nyingine."

Bibi akashuka ngazi, akaenda kwenye kibanda cha kurudufu kilicho ng'ambo ya barabara, akalipa kwa fedha aliyoiweka kwa nauli. Karatasi hazikupungua hata moja, zilizidi sita. Kilichopungua ni hesabu ya ofisi, na kilichoongezeka ni mzigo wa bibi. Ofisi ile iliitwa wekevu kwa sababu kapu lake lilikuwa tupu, lakini kapu lilikuwa limehamia mfukoni mwa mtu mwingine.

Katika ofisi ya pili mkuu hakutoa amri juu ya mashine. Aliingia masjala, akaketi na karani wake majuma matatu, wakayapanga majalada kwa namba na kwa mwaka, hata kila moja likapatikana kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Tangu siku hiyo aliyeleta barua mara moja hakuambiwa ailete mara ya pili. Hakuna aliyehubiriwa juu ya misitu, lakini rimu zilidumu zaidi. Tofauti ya ofisi hizi mbili ndiyo maana ya jambo zima. Ya kwanza ilipunguza matumizi yake. Ya pili ilipunguza upotevu. Kupunguza matumizi yako kwa kumtwisha mnyonge si akiba. Akiba ya haki ni ile ambayo, ikihesabiwa pande zote mbili za meza, bado ni akiba.

Kipimo hicho hicho yapasa kitumike kwa dawa inayosifiwa sana sasa, yaani ofisi isiyo na karatasi. Tanzania imekwenda mbali katika njia hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliipa kumbukumbu ya mtandaoni nguvu mbele ya sheria, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliweka mamlaka ya kuisimamia kazi hiyo. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST, na mzabuni hana tena haja ya kubeba makabrasha mazito ndani ya bahasha za lakiri. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini hayakuja bila gharama. Mashine hula umeme, na sehemu ya umeme huo hutoka Mtera na Kidatu, katika maji ya Ruaha Mkuu, ambayo chimbuko lake ni milima ile ile ya Mbeya na Iringa. Tena mtandao una mlango wake, na mlango huo hauko wazi kwa kila mtu. Mzee asiye na simu ya kisasa akiambiwa ajaze fomu mtandaoni, humlipa kijana amjazie. Kijana huchapa risiti, na ofisi huitaka risiti hiyo irudufiwe. Karatasi iliyofukuzwa mlangoni imerudi kwa dirishani.

Vyuo navyo havina budi kujitazama, maana ndimo makarani wa kesho wanamotokea. Mkwawa kule Iringa, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya, na vyuo vingine vya nyanda hizo, ni nyumba za karatasi. Desturi ya vyuo vingi ni kuitaka tasnifu ichapwe upande mmoja, kwa mistari iliyoachana, katika nakala kadhaa, na kila sahihisho la msimamizi huzaa uchapaji mpya. Mwanachuoni aandikaye juu ya kuharibika kwa misitu, kisha akauacha upande wa pili wa kila ukurasa mtupu, ameandika hoja mbili zinazopingana, moja kwa wino na ya pili kwa weupe. Haidhuru kama alishurutishwa na kanuni. Kanuni zimeandikwa na watu, na watu hao wamo vyuoni.

Liko jambo jingine ambalo mwekevu hana budi kulikumbuka. Katika miji ya nyanda hizi, kama katika miji mingi ya nchi, karanga huuzwa zimefungwa katika karatasi iliyokwisha tumika. Desturi hiyo ni nzuri, kwa kuwa huipa karatasi maisha ya pili. Lakini mla karanga akikunjua kifungo na kukuta jina la mgonjwa na ugonjwa wake, au alama za mtoto wa jirani aliyeanguka mtihani, siri ya mtu imeuzwa kwa bei ya karanga. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 iliweka utaratibu wa kutunza na kuteketeza kumbukumbu za umma, na maana yake kwa karani ni nyepesi: karatasi tupu ni amana ya mpandaji, na karatasi iliyoandikwa ni amana ya aliyeandikwa. Kuokoa ya kwanza si ruhusa ya kuisaliti ya pili. Iliyo na siri na ichanwe, kisha ipelekwe kufanywa rojo upya. Isiyo na siri na iendelee kuwafaa watu.

Basi karani atupaye karatasi amemkosea nani? Amemkosea aliyepanda, ambaye hatamwona. Amemkosea aliyelipa, ambaye hatamjua. Amemkosea bibi wa ng'ambo ya meza, ambaye anamwona na kumjua, na kwa sababu hiyo kosa hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Anayetaka kulitengeneza jambo hili na aanzie hapo alipo bibi: amtunzie barua yake, alijue jalada lake lilipo, asimwombe mara mbili kitu alichokwisha kukitoa. Akifanya hivyo, karatasi zitapungua zenyewe, kwa kuwa hofu iliyozizaa itakuwa imepungua.

Misindano ya Sao Hill itaendelea kukatwa na kupandwa, na hapana ubaya. Gogo liliumbwa libanduliwe. Ila kila bandu yapasa iwe na jina la mtu aliyefaidiwa nayo, ili siku gogo litakapokwisha, atakayeuliza limekwenda wapi apate jibu asiloweza kulionea haya.